Mbegu Bora Kuliko za Jirani

Mtu asinifundishe mimi habari za mbegu za ndege. Nimekaa miaka arobaini na sita na mwanamume ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuchanganya chakula cha kuku katika kiwanda kimoja nje ya Huddersfield, na mwanamume huyo hakuwahi kununua gunia bila kulitia mkono. Des aliingiza mkono mpaka kiwiko, akautoa, akaunusa. Vidole vikitoka na vumbi, gunia lilibaki dukani. Akiona ngano imezidi, au yale mahindi yaliyovunjwa vipande vikubwa ambavyo hakuna ndege wa bustani anayeweza kuvimeza, alimwambia mwenye duka mbele ya wateja, "Hiki umewachanganyia njiwa, usinidanganye." Nilikuwa naona haya kwenda naye dukani. Nilikuwa najivuna pia, siwezi kukataa.

Nyumbani alichanganya mwenyewe, ndani ya karai la plastiki ambalo zamani tulimwogeshea binti yetu Janine. Alizeti nyeusi nyingi, kwa sababu ganda lake ni jembamba na kiini kina mafuta. Uwele mweupe kidogo. Karanga za kupondwa wakati wa baridi kali. Ngano hakuna, dengu hakuna, na vile vidonge vya rangi ya kijani wanavyotia ili mfuko upendeze machoni mwa mnunuzi, alikuwa akivichambua kimoja kimoja na kuvitupa motoni. Kisha anajaza bomba la kulishia ndege, lile lenye vitundu, anatoka nje uani, analitundika, na chiriku wanashuka. Wale chiriku wa kijani, wanene, wagomvi, wanaokaa kwenye bomba nusu saa wakitafuna kama wamelipa kodi ya nyumba. Ndio aliowapenda. Wengine wote aliwaita wapita njia.

Oktoba iliyopita kiharusi kilimpiga akiwa anakunywa chai. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua mguu nusu, na maneno kikamwachia machache sana. Hospitali walimrudisha baada ya wiki sita, tukamwekea kitanda chumba cha chini, dirisha linalotazama uani. Hapo ndipo vita vyangu na Janine vilipoanza.

"Mama, huwezi," aliniambia jikoni, sauti chini ili baba yake asisikie. Janine anakaa Leeds, ana kazi ya ofisini, ana majibu ya kila kitu. "Una miaka sabini na mitatu. Mgongo wako wenyewe umekwisha."

"Mgongo wangu nakaa nao mimi, wewe hukai nao."

"Kuna nyumba nzuri ya kulelea wazee kule juu kilimani. Nimekwenda kuiona. Safi kabisa."

"Nenda ukakae wewe, kama ni safi hivyo."

Akanyamaza, lakini Janine akinyamaza ujue amekwenda kwa watu wengine kusema. Tukaletewa barua ya ustawi wa jamii. Ofisa angekuja tarehe ishirini na saba Februari kumtazama Des. Ainuke kitandani mwenyewe, atembee kwa fremu ya kujishikilia mpaka mlango wa nyuma, arudi. Akiweza, anabaki kwake. Asipoweza, anakwenda juu kule kwenye usafi.

Na Des alikuwa hataki kuinuka. Anakuja kijana wa mazoezi ya viungo, anamshika kwapa, anamwambia "Haya, mzee, moja, mbili," naye Des anamtazama tu. Mchana kutwa amelala ameukabili ukuta. Nilimsihi, nilimgombeza, siku moja nililia mbele yake makusudi, haikusaidia kitu.

Kilichomwinua ni chiriku. Mwezi wa Desemba nilichukua bomba ghalani, nikalijaza, nikalitundika mbele ya dirisha lake. Asubuhi ya tatu naingia na uji wa shayiri namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mwenyewe.

"Kijani," akasema.

Neno la kwanza lenye maana katika wiki mbili. Nikaweka bakuli mezani nikakaa kando yake.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa moja, chiriku waje. Nikanunua alizeti iliyokwisha kumenywa, kiini kitupu, ghali kuliko vyote dukani. Maganda yalikuwa yananishinda kufagia, na nilijua ndege watazipenda mbegu hizo. Walizipenda. Januari nzima ua wetu ulikuwa soko. Des akatoka ukingoni mwa kitanda akafika kwenye kiti cha dirishani, akatoka kwenye kiti akaanza kusimama na fremu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia Janine. Des alikuwa na desturi. Kila Jumapili, wakati wenzetu wako kanisani, yeye analishusha bomba, analimwaga, analisugua kwa maji ya moto na dawa, analikausha juu ya jiko, halafu analitundika mahali pengine, si pale pale. Mvua, theluji, hakukosa. Mimi sikufanya. Baridi yabisi imenipinda vidole, na Jumapili nilikuwa na shuka za mgonjwa za kufua. Nikajiambia mbegu nzuri kama hizi hazina haja ya makeke yote yale. Niliongezea juu tu, kila asubuhi, juu ya zilizobaki.

Upande wa pili wa ukuta anakaa Rosalind Firth. Alihamia miaka minne iliyopita kutoka kusini, mjane, mwalimu mstaafu, ana buti za mvua zenye maua. Naye anaweka mbegu. Siku moja mwanzoni mwa Januari nikamwona anamimina kutoka kwenye mfuko wenye picha ya ndege anayecheka.

"Za kituo cha mafuta hizo?" nikamuuliza juu ya ukuta.

"Zilikuwa zimepunguzwa bei. Na wameandika ni daraja la kwanza."

"Hata mimi naweza kuandika kwamba nina miaka ishirini. Hebu mimina mkononi. Unaona nini?"

"Mbegu, Avril."

"Ngano. Ngano, ngano, dengu, ngano, na hiki hapa ni kijiwe. Chiriku akija kwako atapekua, atatupa zote chini, halafu atakuja kula kwangu."

"Basi mimi nakupokelea wageni, wewe unawapa chakula," akasema, akacheka.

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniudhi kwa Rosalind, hakasiriki. Nilirudi ndani nikamweleza Des, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na kwa siku mbili tatu nikawa namchekesha kwa habari za mbegu za jirani.

Wiki ya kwanza ya Februari, mvua inanyesha ile isiyo na mwisho, Rosalind akabisha mlango wa mbele. Mlango wa mbele, sisi ambao huwa tunaongea ukutani. Alikuwa ameshika kopo la aiskrimu, na ndani yake, juu ya karatasi ya jikoni, chiriku wa kijani amekufa. Manyoya yamevimba, mdomo umelowa, chakula kimegandia kwenye shingo.

"Huyu ni wa nne," akasema.

"Paka."

"Paka hamwachi ndege namna hii. Jana nilimwona mwingine amekaa chini, anajaribu kumeza, hawezi. Nilimkaribia hakuruka."

Najua ugonjwa huo. Des alinionyesha zamani, huko kwa rafiki yake mmoja. Unaziba koo. Ndege anakufa na njaa akiwa amesimama juu ya chakula, na kila alichokitema mwenzake anakidonoa.

"Basi ni mbegu zako," nikasema. "Nilikwambia toka mwanzo."

Rosalind akanitazama, na safari hii hakucheka. "Mbegu zangu hawazili, Avril. Ulinionyesha wewe mwenyewe. Wanazitupa chini, wanakuja kula kwako."

Alikuwa amenipiga kwa fimbo yangu mwenyewe, na wala hakuonekana kufurahia.

"Mimi langu nimelishusha," akaendelea. "Tushushe yote, tuyaoshe, tukae wiki kadhaa bila kuweka kitu. Watatawanyika, wataacha kuambukizana."

"Ofisa anakuja tarehe ishirini na saba."

"Najua."

"Des ameanza kusimama. Siku ambayo hakuna ndege hasimami."

"Mwambie kwa nini. Ataelewa kuliko sisi sote."

"Wewe humjui Des," nikamwambia, nikafunga mlango.

Nilikwenda uani. Nilishusha bomba, nikaingiza pua. Juu mbegu nzuri, nyeupe, kavu. Chini, wiki nane za mvua zilikuwa zimegeuza kile kiini cha bei mbaya kuwa uji wa kijani unaonuka unga uliochacha. Nilikaa kwenye ngazi ya jiwe, bomba mapajani. Halafu nikaliosha. Nililiosha vizuri, maji ya moto, dawa, brashi, vidole vikiuma mpaka machozi, kama alivyokuwa akifanya yeye. Na nilipomaliza kuliosha nikalijaza tena, nikalitundika mbele ya dirisha.

Nilijua. Asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Kuosha peke yake hakutoshi wakati ndege wagonjwa wamekwisha kuingia. Ni kuacha kulisha, basi. Lakini zilikuwa zimebaki siku ishirini, na nikaweka mume wangu upande mmoja na chiriku upande mwingine, wala sikuhitaji kufikiri.

Basi ikawa hivi. Des huamka saa mbili asubuhi. Mimi saa moja niko nje na kizoleo. Siku nyingine hamna kitu, siku nyingine mmoja chini ya bomba, siku moja watatu. Nawafunga kwenye gazeti, kila mmoja wake, sijui kwa nini kila mmoja wake, natia kwenye pipa la taka chini ya majivu. Kisha naingia, nawasha birika, naita, "Des, wamekuja." Anajiinua. Anashika fremu. Anafika dirishani, wiki iliyofuata anafika mlango wa jikoni, wiki iliyofuata anafika mlango wa nyuma na kuweka paji la uso kwenye kioo.

"Wachache," akasema siku moja.

"Ni mvua," nikajibu.

Janine alikuja Jumamosi akamkuta baba yake amesimama. Aliweka mkoba chini, akaja kunikumbatia jikoni, jambo ambalo hatuna mazoea nalo. "Nimekosea, Mama," akasema. "Nisamehe. Umefanya kazi kubwa." Nilimwacha anishike, huku namtazama chiriku mmoja pale nje amevimba kama mpira, amekaa juu ya bomba, hali wala haondoki.

Tarehe ishirini na saba ofisa akaja, mama mnene mwenye sauti ya upole na viatu vilivyolowa. Akakataa chai halafu akaikubali. Des aliinuka kitandani mwenyewe. Akatembea hadi mlango wa nyuma, akageuka, akarudi, akakaa, jasho linamtoka. Ofisa akamuuliza anapenda kufanya nini kutwa nzima.

"Chiriku," akasema Des, na akanionyesha kidole. "Yeye... anawaleta."

Ofisa akaandika. Mlangoni aliniambia kwa kunong'ona, kana kwamba ni siri yetu, "Barua itachukua wiki moja, lakini usiwe na wasiwasi. Anabaki kwake." Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilisimama pale mlango wa mbele nikamwangalia mpaka gari lake likapotea, na nikaapa kwamba bomba nalishusha jioni hiyo hiyo, kwa mkono wangu, na Jumapili nitakwenda kwa Rosalind na keki.

Niliporudi chumbani kitanda kilikuwa kitupu. Mlango wa nyuma uko wazi, baridi inaingia.

Des alikuwa uani, na viatu vya ndani, kwenye mawe yaliyolowa, mbali kuliko alivyopata kwenda tangu Oktoba. Chini ya bomba alikaa chiriku anayejaribu kumeza. Anafungua mdomo, anapeleka shingo mbele, hakiendi. Des alikuwa anamtazama. Kisha akaliinua bomba kwenye ndoano kwa mkono wa kushoto, akalitia pua, akakunja uso.

"Tangu lini?"

"Leo tu," nikasema. "Ndio kwanza namwona huyu."

Alishika bomba kwapani, akasukuma fremu kidogo kidogo mpaka kwenye pipa, ili amwage zile mbegu. Nilimwambia niachie mimi. Nilimwambia mara mbili. Akafungua kifuniko, na lile gari la taka huku kwetu hupita kila baada ya wiki mbili, na majivu yalikuwa yamedidimia, magazeti yanaonekana.

Akatoa karatasi ya kwanza. Akaifungua kwa mkono mmoja, akijisaidia kwa meno. Akamweka ndege juu ya ukuta. Akatoa ya pili. Mimi nimesimama, mikono ndani ya aproni. Alitoa zote, akawapanga ukutani kumi na mmoja, vichwa upande mmoja, na ilimchukua muda mrefu sana, na hakuniomba nimsaidie.

"Ulijua," akasema.

"Nilifanya kwa ajili yako. Wangekuchukua, Des."

Alitafuta maneno. Niliona anayatafuta, taya linakwenda, nikangoja kwa sababu nilidhani yatakuwa maneno ya kusamehe.

"Usinitwike mimi."

Hapo nikapandwa na hasira. Miezi mitatu ya mashuka, na vidole hivi, na Janine, na kuamka gizani na kizoleo kama mwizi. "Ni ndege," nikamwambia. "Ni ndege tu, na wewe ni mume wangu." Nilisema kwa sauti, Rosalind lazima alisikia.

Des alinitazama kama alivyokuwa akimtazama yule mwenye duka. Kisha akageuza fremu akaingia ndani, akapanda kitandani mwenyewe, hakuna aliyemshika.

Hakuinuka kesho yake, wala siku iliyofuata. Nilimletea uji nikaondoa uji. Jumamosi Janine alipokuja, Des alimshika mkono akamwambia, wazi kabisa, maneno mawili: "Nipeleke juu." Janine akanigeukia mimi. Akauliza nimemfanya nini baba yake. Nikamwambia sijamfanya kitu. Yeye Des hakusema lolote, hakunisemea mabaya hata moja, na mpaka leo Janine anaamini ni uchovu.

Alihama Jumanne. Barua ya ustawi wa jamii ilifika Alhamisi, inasema Bwana Desmond Lumb ana uwezo wa kuendelea kuishi nyumbani kwake.

Naenda kumwona Jumatano na Jumapili. Ni pasafi, Janine hakusema uongo. Des anainuka kila asubuhi bila kuombwa, anakwenda kula pamoja na wenzake, maneno yanazidi kurudi. Ananiuliza mgongo unaendeleaje. Anasema ahsante nikimletea soksi. Anaongea nami kama anavyoongea na wale wauguzi, kwa adabu, na nikiinama kumbusu anatoa shavu.

Chumba chake kinatazama maegesho ya magari. Jumapili iliyopita muuguzi mmoja, msichana mcheshi anayeitwa Kirsty, alikuja kutandika kitanda tukiwa tumekaa.

"Tulimpa chumba cha bustani," akaniambia, "kile chenye meza ya ndege nje ya dirisha. Wazee wanakigombania. Yeye akakikataa, akataka hiki. Hapendi ndege, mama?"

Des alikuwa kwenye kiti chake, amepakata mikono, anatazama magari. Alikuwa anasikia.

"Hapana," nikasema. "Hakuwapenda kamwe."

Nikangoja anisahihishe. Hakugeuka.